Bibi Harusi wa Ukutani

Kamisawa, Yamagata
25 Septemba 1986

Mwanangu Mizue,

Nakuandikia mvua ya kufukuza joto ikipiga bati la stoo. Asubuhi nimeshakutaja mbele ya Buddha Amida kama kila siku, kwa hiyo salamu yangu imekufikia kabla ya stempu. Sisi ni wazima. Baba yako mgongo unamsumbua lakini hataki kwenda kwa daktari kwa sababu daktari mwenyewe, anasema, ni mtoto wa juzi. Mpunga tumevuna. Cheri nilizokutumia wakati wa mavuno yake ulizishukuru kwa neno moja, kana kwamba nilikutumia kokoto. Paka amekufa. Sikumlilia sana, alikuwa mwizi.

Najua hapo kwenye duka lenu la miwani kuna simu. Lakini simu yetu iko sebuleni, na baba yako akishika gazeti ndipo masikio yanaposimama kama ya sungura. Jambo hili si la masikio yake, angalau bado.

Juzi tulipanda hekaluni kuwaombea wafu wetu, sisi wanawake wa kundi la dua. Kuhani alikuwa amefungua ule ukumbi wa nyuma. Unajua nisivyopenda kuingia mle, kuta nzima zimejaa vijana waliokufa kabla ya kuoa, kila mmoja amechorwa na kimono chenye nembo ya ukoo wake, na ubavuni bibi harusi aliyebuniwa na mchoraji, uso wa yai, uso wa mtu asiyekuwapo. Sina neno na desturi yenyewe. Mama aliyefiwa na kijana kapera ana haki ya kumvusha ng'ambo ile akiwa na mwenzi. Nimewahi kuziwashia ubani picha hizo na nikalia.

Basi kuna picha mpya, ya Yoshinori, yule aliyekuwa akuoe. Mama yake ameitundika tangu mwezi wa nane na hakumwambia mtu. Nikasema moyoni, haya, miaka imepita, mama naye apumue. Nikasogea na ubani wangu. Nikamtazama bibi harusi, na bibi harusi akanitazama kwa macho yako.

Si kufanana, mwanangu. Ni wewe. Ni ule uso wa siku ya mchuzi wa magimbi pale mtoni, ulipopigwa picha ukicheka na upawa mkononi, na doa lako jeusi chini ya jicho la kushoto limewekwa mahali pake. Chini ya picha wameandika jina lake, na kando yake wameandika lako.

Hata mtoto wa chekechea wa huku kwetu anajua kwamba bibi harusi wa maiti hachorwi mtu aliye hai. Ukimchora, unamwita. Ukiandika na jina, umemwonyesha na njia. Mama Yoshinori amezaliwa hapa, mama yake na bibi yake wamezaliwa hapa, hawezi kuniambia hakujua. Wenzangu wa kundi la dua, badala ya kushtuka, wakatoa vitambaa. Mmoja akapangusa macho akasema penzi la kwanza halifi. Nikamwambia penzi la kwanza ni jino la utoto. Likitoka tunalitupa juu ya paa ili lingine liote, na anayelitunza kwenye kopo ana wazimu. Hawakunisemesha njia nzima ya kushuka.

Nakuuliza mambo mawili. Unaumwa popote? Na yule fundi wa lifti anayekuzungukia amekwisha kusema lolote la maana, au bado anapandisha watu na kuwashusha na yeye mwenyewe hafiki popote?

Ni mimi shangazi yako,
Hatsue

*

Nagoya
19 Oktoba 1986

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia mpunga umeingia ndani salama. Pole kwa paka. Mwambie baba daktari mdogo ndiye bora, macho yake bado yanaona; ya wazee nayajua, nawauzia miwani.

Mimi siumwi. Hapa joto ndiyo kwanza linatoka. Tumeletewa fremu mpya za rangi ya asali, na kila mwanamke wa makamo anayeingia anazitaka, akizivaa anafanana na bundi, nami nasema zimekukaa vizuri. Usinihukumu, ndiyo kazi.

Kuhusu picha, nimecheka. Nilicheka kwenye chumba cha kulia chakula, mwenzangu akaniuliza kuna nini, nikasema huko kwetu wameniozesha. Rangi kwenye ubao, shangazi. Haina mikono ya kunishika. Mwache Mama Yoshinori na ubao wake. Nimekaa miaka yote hii bila kurudi huko, sikuja hata kumzika bibi, na wewe hukuniuliza kwa nini. Nilikushukuru kwa hilo. Endelea kutoniuliza.

Bwana Tsuboi hajambo. Amesema jambo la maana, ndiyo, tangu mwezi wa sita. Anataka tuoane mwezi wa nne mwakani, maua ya sakura yakichanua, kwa sababu hana ubunifu. Sijamjibu.

Ni hilo tu. Vaa soksi nene.

Mizue

*

Kamisawa
9 Novemba 1986

Mwanangu,

Soksi nimevaa. Figili tumezianika kwenye kamba, milima imeanza kuvaa kofia nyeupe, na mgongo wa baba yako umepona wenyewe, sasa anajisifu kama aliyeutibu yeye. Namshukuru Amida kwa hayo yote kisha naendelea.

Unasema umecheka. Mtu aliyecheka hachukui karibu mwezi kujibu barua.

Nilikwenda kwa kuhani. Kuhani wetu, wewe unamkumbuka, ni mtu laini kama tofu, ukimgusa anabaki na alama ya kidole. Akasema hakuutazama uso wa bibi harusi vizuri, macho yake hayaoni. Nikamwambia nina mtoto anayeuza miwani. Akasema picha ni nadhiri ya mama, hawezi kuishusha wala kuifuta mpaka mama mwenyewe aombe. Akaninywesha chai ya jana na kunisindikiza hadi mlangoni haraka kuliko inavyompasa mtu wa dini.

Nikaenda kwa mwenyewe. Nilimkuta uani akipanga figili kwenye pipa, chumvi hadi kwenye viwiko. Hakuinuka. Nilimsalimu kwa adabu, nikamuuliza habari za miguu yake, kisha nikamwambia kwa upole, na Buddha shahidi wangu nilianza kwa upole, kwamba pengine mchoraji wa mjini amekosea. Akasema mchoraji hakukosea, yeye ndiye aliyempa picha ya mtoni. Nikamwambia mtoto yuko hai, anafanya kazi, ana mtu anayemtaka. Ndipo akaniangalia.

"Yule ni mke wa mwanangu," akasema. "Wewe ni shangazi tu."

Kisha akachukua jiwe la kukandamizia akaliweka juu ya pipa, kama mtu anayefunga kaburi, akaingia ndani. Mwanamke asiye na haya. Miaka arobaini nakula figili zake kwenye kila msiba wa kijiji hiki, zina chumvi ya kuua konokono, na kila mara nasema tamu. Sitasema tena.

Kila mtu hapa ana hadithi moja: siku ile ya Januari mlikuwa mnateremka mjini kununua vitu vya posa, barabara ikawa barafu, gari likatumbukia mtoni, Yoshinori akafa na wewe ukavunjika mtulinga. Wanaisimulia kama sinema. Binti wa posta amenisimulia mimi, mimi niliyekulisha uji hospitalini. Na mimi nimenyamaza kwa sababu mfupa wako ulipounga ulipanda treni bila kutazama nyuma, na mtu anayeomboleza hutazama nyuma.

Sikuulizi kwa udaku. Nataka kujua napigania nini. Mlikuwa mnakwenda wapi?

Shangazi yako

*

Nagoya
21 Desemba 1986

Shangazi,

Mwaka unakwisha, natumaini paa limekwisha kuondolewa theluji ya kwanza na kwamba hukupanda wewe. Nimekutumia shali. Usimpe mtu.

Nimeianza barua hii mara nyingi na kuichana.

Kwanza nikuambie kilichotokea hapa. Wiki mbili zilizopita Tsuboi aliniuliza tena, tukila tambi. Nilifungua mdomo kusema ndiyo na nikasikia sauti yangu ikisema, "Sina ruhusa." Akaniuliza ruhusa ya nani. Sikujua. Tulimaliza tambi. Yeye ni mtu wa kumaliza chakula hata nyumba ikiungua. Tangu siku hiyo najua kwamba rangi kwenye ubao ina mikono.

Sasa siku ile. Hatukuwa tunakwenda kununua kitu. Nilimwambia Yoshinori anipeleke stesheni, nakwenda kwa mwenzangu wa shule kwa siku chache. Nilikuwa na sanduku. Nilikuwa nimeshapata kazi hii ya Nagoya na sikumwambia mtu, hata wewe. Garini nikaona haya kumdanganya, nikamwambia kweli: sirudi, na siolewi.

Nilimpenda, shangazi. Usije ukaandika jibu la dharau kabla sijasema hilo. Tangu shule. Wakati wa theluji alikuwa anakuja mapema kuweka buti zangu karibu na jiko la darasa, ili nikitoka nizikute zina joto. Nani atanifanyia hivyo tena? Lakini yule yule wa buti, nikicheka na mtu dukani alikuwa akinibana mkono mpaka nyumbani, huku anatabasamu kwa wapita njia. Alinipenda kama mtu anavyopenda gari lake. Alilipangusa, na hakutaka mwingine aliendeshe.

Nilipomaliza kusema, akaanza kukaza mwendo. Nilimwambia asimamishe gari nishuke. Akacheka, akasema, "Shuka basi." Na hakusimama. Nikamwambia tena. Akasema tena, "Shuka," kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Kisha ikaja kona ya mto.

Hiyo ndiyo sinema yao. Mpaka leo sikai kiti cha mbele cha gari lolote. Alitaka kunichukua na hakuweza, na sasa mama yake anamalizia kazi. Nawadharau wote wawili, na nikiwadharau nahisi joto la zile buti miguuni, najidharau na mimi.

Nakuomba, usimwambie. Hana kingine isipokuwa mtoto aliyekufa akienda kununua zawadi za posa. Ukimwondolea hilo atabaki na nini? Figili?

Mizue

*

Kamisawa
14 Januari 1987

Mwanangu Mizue,

Shali imefika. Imenipendeza hata baba yako ameona, naye hajawahi kuona kitu tangu mwaka alipooa.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimepiga magoti mbele ya madhabahu. Sitaandika jibu la dharau. Nitaandika tu kwamba kama angekuwa hai ningemsubiri njiani na koleo la theluji, Amida anisamehe, kisha ningemwombea.

Juzi ilikuwa kumbukumbu yake, ile kubwa ya mwaka wa saba. Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kusema. Kuhani akasoma, tukala. Kisha Mama Yoshinori akasimama mbele ya wageni na kuianza ile hadithi ya vitu vya posa, samaki wa kukausha wa bahati njema, mwani, upepeo wa karatasi, vyote walivyokuwa wanakwenda kuvinunua watoto wale. Wanawake vitambaa nje. Na muda wote anaosema, ananikodolea macho mimi. Si macho ya mtu anayelia. Macho ya mtu anayengoja akanushwe.

Nilikuwa na maneno yako yote mdomoni. Nikachukua kipande cha mochi, ule wali wa kupondwa unaonata kama gundi, nikakisukumia ndani chote, na cha pili juu yake. Unajua wazee wangapi hufa kwa mochi kila mwaka mpya. Nilikuwa tayari kufa hivyo kuliko kuvunja ombi lako, na nusura iwe, mpaka mke wa kuhani alipokuja kunipiga mgongo. Picha ikabaki ukutani. Wewe unacheka na yeye kakaa kama jenerali.

Lakini nakuambia jambo kama mtu mzima. Kunyamaza kwangu hakutaifuta. Amri ni ya yule mwanamke, na hatampa shangazi tu. Ukitaka ruhusa, atakayeiomba ni wewe.

Hatsue

*

Nagoya
1 Februari 1987

Shangazi,

Tunakuja Jumamosi ya tarehe kumi na nne, mimi na Tsuboi. Kwa treni, kisha kwa miguu kutoka stesheni, usitume gari. Usimwambie mtu. Mwandalie Tsuboi nguo nzito ya kulalia. Anasikia baridi kama mtoto wa kware.

Mizue

*

Kamisawa
20 Februari 1987

Wewe mtoto,

Sitaanza na theluji wala mgongo wa baba yako.

Umekuja baada ya miaka yote hii, umelala siku mbili, umekula mchuzi wangu, ukaondoka, na hukuniambia kilichosemwa nyumbani kwa Mama Yoshinori. Nimekuvumilia kwa sababu ya uso wako ulivyokuwa. Sasa uvumilivu umekwisha.

Unajua alichonifanyia mwanamke yule. Ninyi wawili mkakaribishwa ndani, mimi akanizibia njia mlangoni, akasema kwa heshima kabisa kwamba mikeka haitoshi. Nyumba ya vyumba sita. Nikakaa pale panapovuliwa viatu, na viatu vyenu, na mwavuli wake mbovu, naganda, nasikia vikombe tu. Mara moja nilisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni. Nikadhani ameua mtu. Kisha ukatoka na sanduku ambalo hukuingia nalo.

Na huyo bwana wako. Asubuhi yake aliomba asaidie kuondoa theluji juu ya paa. Mtu amezoea kupanda ndani ya chumba kinachovutwa kwa kamba. Akateleza, akaingia kwenye lundo miguu juu, na alipotolewa akaniomba radhi kwa kuliharibu lundo. Nimecheka tangu Jumapili. Simpendi bado, lakini nimemcheka vizuri.

Andika. Kila kitu.

Shangazi

*

Nagoya
8 Machi 1987

Shangazi yangu,

Nisamehe. Ilibidi nikae nayo kwanza.

Njia nzima ya treni nilikuwa nimepanga maneno yangu. Nilijiambia, kama amenifanya mkwe, nitakwenda kama mkwe. Mjane kijana huwaomba wakwe ruhusa ya kuondoka, na wakwe wenye utu humpa. Kwa hiyo nilipokwisha kumwashia Yoshinori ubani, nilimgeukia mama yake, nikaweka mikono juu ya mkeka na paji la uso juu ya mikono, nikasema: "Mama, nimekuja kuomba nifunguliwe." Tsuboi naye akainama nyuma yangu. Sikumwambia ainame.

Mama Yoshinori akainuka, akafungua kabati la matandiko, akalikokota sanduku langu mpaka katikati ya chumba.

Siku zote nilidhani lilikwenda na mto. Kumbe polisi walimpa yeye, kwa kuwa gari lilikuwa la kwao. Akalifungua. Nguo zangu zimefuliwa, zimepangwa, zina dawa ya nondo. Akaziinua moja moja, blauzi za mikono mifupi, lile gauni langu la kiangazi la bluu.

"Hakuna anayekwenda kununua vitu vya posa na nguo za kiangazi mwezi wa Januari," akasema.

Alijua, shangazi. Tangu juma lile la kwanza, mimi nikiwa bado hospitalini. Hadithi ya posa ameitunga yeye mwenyewe na kuigawa kijiji kizima, na kila mwaka anaisimulia akingoja mmoja wetu athubutu kumkanusha. Ile picha haikuwa ya huzuni. Aliniambia bila kupepesa kwamba kama nilimwacha mwanawe akiwa hai, aliona nisipate nafasi ya kumwacha akiwa maiti. Alinidharau miaka yote hii, na alikuwa na haki kiasi fulani ya kunidharau. Mimi nilimdharau nikidhani ni mjinga, na hakuwa mjinga.

Nilikubali. Nikasema ndiyo, nilikuwa namkimbia mwanawe, na garini nilimwambia. Akaniuliza nilimfanya nini hata akaendesha vile. Shangazi, lile neno lilikuwa kwenye ulimi, "Shuka basi," lote, na kicheko chake. Nikamwona ameshika gauni langu la kiangazi kwa vidole vilivyopasuka kwa chumvi. Nikasema tu, "Nilimwomba asimamishe gari. Hakusimama."

Alilikunja gauni upya, ingawa lilikuwa limekunjwa. Kisha akamgeukia Tsuboi, ambaye alikuwa hajafungua kinywa, akamuuliza anaendesha gari la aina gani. Tsuboi akasema hana gari, anaogopa barabara, huenda kazini kwa treni na kwa miguu. Mama akamtazama kuanzia utosi hadi soksi kwa dharau ambayo hata wewe ungeionea wivu.

"Hana hata gari," akasema. Kisha akasema, polepole: "Bora hivyo."

Nadhani hapo ndipo alipolisikia lile neno ambalo sikulisema.

Nilimwomba kitu kimoja. Afute jina. Uso nilimwambia auache. Najua utakasirika, na kwamba kwa desturi uso ndio wa hatari. Lakini nilipita ukumbini asubuhi ile ukiwa unazungumza na kuhani, nikautazama. Ni msichana wa upawa, anacheka, buti zake zina joto. Alimpenda yule kijana kweli. Mimi si yeye tena, na sioni kwa nini nimburute aje Nagoya kuuza miwani. Akae naye. Jina ndilo langu, nalihitaji mwezi wa nne.

Mama Yoshinori alifunga sanduku akanisukumia.

Nimemjibu Tsuboi. Alimaliza chakula kwanza, kisha akalia.

Mizue

*

Kamisawa
24 Machi 1987

Mwanangu Mizue,

Theluji imeanza kudondoka mapaani yenyewe, na mti wetu wa cheri wa karibu na kisima una machipukizi. Baba yako nimemsomea barua yako, yote. Aliweka gazeti chini, akaenda stoo, akakaa huko muda. Alipotoka akauliza treni ya Nagoya inaondoka saa ngapi. Amekwenda kwa yule daktari mtoto kuhusu mgongo, asije akashindwa kukaa kwenye kiti siku ya harusi.

Nilikukasirikia kuhusu uso. Nilikaa na hasira yangu wiki nzima na kuombea ipungue, na haikupungua. Uso ni uso. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia kuhani.

Juzi tukapanda tena hekaluni kwa dua za masika. Nikaingia ule ukumbi mtu wa kwanza.

Jina halipo. Limepakwa rangi nyeupe. Na si jina tu. Lile doa chini ya jicho limepakwa pia, na pua imeguswa, na kidevu kimeongezwa, na kwa kuwa hakumwita mchoraji bali alifanya kwa mkono wake mwenyewe, na brashi nadhani ya kupakia milango, bibi harusi sasa anafanana na mtu aliyeumwa na nyuki. Kicheko kimebaki, sijui alikipita vipi. Lakini hakuna mama duniani, wala maiti, atakayemtazama yule na kukuita wewe.

Wanawake walisikitika, oo picha nzuri imeharibiwa, oo penzi la kwanza. Mimi niliwasha ubani wangu na kuomba kwa ajili ya yule wa nyuki, awe na amani na mumewe, na mumewe awe na adabu.

Kushuka ngazi nilimkuta Mama Yoshinori amekaa anapumzika, miguu yake imevimba. Rangi nyeupe bado iko kwenye kucha. Nilikuwa na mengi. Nikasema picha imetoka vizuri. Akasema usinidanganye, Hatsue, nina macho. Tukakaa. Kisha akaniuliza, akitazama upande mwingine, kama yule asiye na gari anakula figili za chumvi.

Kopo la figili alilonipa nimelifunga kwa kitambaa, utalipata pamoja na barua hii. Nimezionja. Zina chumvi ya kuua konokono. Mwambie azile zote, na aseme tamu.

Shangazi yako,
Hatsue